Helikopta ya rababendi kwa watoto wa miaka 8: kijiti kinazunguka, haipandi. Nirekebishe wapi?

Mwl_Ushanga:

Habari zenu wadau. Naomba msaada kwa wanaojua vitu vinavyoruka, hasa vile vidogo visivyo na betri.

Nina kikundi cha ufundi cha watoto, wengi wana miaka 8 hadi 10. Tumeshatengeneza vishada, miavuli ya mifuko ya plastiki na ndege za karatasi za kila namna. Sasa wananidai kitu "kinachopanda chenyewe". Maneno ni yao, nami nimeyachukua kwa uzito. Wanataka kuachia mkono tu, bila kurusha, na kitu kiende juu.

Masharti niliyojiwekea ni haya. Mtoto akitengeneze mwenyewe kwa mkasi, gundi na vidole vyake. Mimi nibaki na kazi ya kukunja waya na kupasua vijiti. Kisiwe na mota. Kiruke ndani ya ukumbi wenye dari ya kama mita 4. Na kikivunjika aweze kukiunga palepale, kwa sababu mtoto akikaa wiki nzima akisubiri kichezeo kitengenezwe, hamu inakufa.

Mfano nilionao sasa uko hivi. Kijiti cha mshikaki cha sentimita 25 ndicho uti. Juu nimefunga kipande cha mrija kikiwa wima, sambamba na kijiti, na ndani yake unapita waya wa klipu ya karatasi wenye ndoano upande wa chini. Upande wa juu wa waya nimebandika pangaboi lenye mapanga mawili ya karatasi ya manila, kila panga sentimita 10 kwa 3. Chini ya kijiti kuna ndoano nyingine, na kati ya ndoano hizo mbili nimepitisha rababendi nne nene. Nimepima kwa mizani ya jikoni, gramu 20.

Nikisokota na kuachia, pangaboi la juu linageuka polepole na kijiti ndicho kinachozunguka kwa kasi. Inapanda kama nusu mita juu ya kiganja, inayumba, inaanguka. Nimeongeza rababendi mbili: kijiti kinapinda, na mruko ni uleule.

Je, nizuie kijiti kisizunguke? Niongeze mpira tena? Au nitengeneze kubwa zaidi ili mapanga yashike hewa nyingi? Watoto wangependa kubwa, maana wanataka kuchora juu ya mapanga. Na kuhusu macho na vidole, nichunge nini?

MzeeUfito:

Mwalimu, hicho kijiti kuzunguka hakitokani na mkono wako. Mpira uliosokotwa una ncha mbili, na kila ncha inasukuma kwa nguvu ileile, moja huku, nyingine kule. Ncha ya juu inageuza pangaboi, ya chini inageuza kijiti. Pangaboi lina mapanga mapana ambayo hewa inayashika. Kijiti ni chembamba, hewa haina pa kukikamata. Basi mizunguko karibu yote inakimbilia kwenye kijiti, na mzunguko wa kijiti kitupu hauinui kitu. Mtoto amechoka vidole kusokota, halafu jasho lake linaishia kuzungusha mti.

Usikizuie. Najua wengi hubandika bapa la karatasi ubavuni mwa kijiti ili kigome kugeuka. Linasaidia kidogo, lakini nguvu ya ncha ya chini bado inapotea kwa kupambana na hewa pembeni. Kipe kijiti mapanga yake. Funga pangaboi la pili chini, ligande kabisa na kijiti, na mapanga yake yainame kinyume na yale ya juu. Kijiti kikizunguka, nacho sasa kinasukuma hewa kwenda chini. Ncha zote mbili za mpira zinafanya kazi moja.

Njia hii ina umri mrefu. Mwaka 1784 Wafaransa wawili, Launoy na Bienvenu, walikionyesha Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kifaa chenye mapangaboi mawili ya manyoya ya ndege, yanayozunguka kinyume, kikiendeshwa na upinde uliokazwa kwa uzi. Mwaka 1870 Mfaransa mwingine, Alphonse Pénaud, akauondoa upinde akaweka mpira uliosokotwa. Uti mmoja, mapangaboi mawili, mpira katikati. Kwa kichezeo cha mtoto sijaona mpangilio unaoushinda huo, na sababu kubwa ni mpira wenyewe: gramu moja ya mpira mzuri inahifadhi nishati mara nyingi zaidi ya gramu moja ya springi ya chuma.

Sasa nije kwenye jambo ninalolishikilia kuliko yote, na naomba ulipe nafasi kabla hujanunua mpira mwingine. Gramu 20 ni nyingi mno. Kitu kinachojiinua wima kwa pangaboi kinadai nguvu kwa namna ya ukatili: ukipunguza uzito kwa nusu, nguvu inayotakiwa haishuki kwa nusu tu, inashuka hadi kama asilimia 35. Na ukibakiza uzito uleule, halafu ukaongeza upana wa duara la mapanga mara mbili, nguvu inayotakiwa inashuka kwa nusu. Fanya hesabu ya kifaa chako: gramu 20, duara la sentimita 20, kwa hewa ya kawaida kinadai kama wati 0.32 ili kielee tu, na hiyo ni kwa pangaboi lisilopoteza chochote. Kishushe hadi gramu 10 na duara lifike sentimita 30, kinadai kama wati 0.075. Zaidi ya mara nne chini, na hujagusa mpira. Mapanga halisi ya karatasi yanapoteza nusu au zaidi, lakini yanapoteza pande zote mbili za hesabu, kwa hiyo uwiano unabaki.

Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni hapana, usiongeze mpira. Toa manila. Karatasi ya kawaida ya kuandikia, ya gramu 80 kwa mita ya mraba, inatosha, mradi uipe mfupa. Pasua kijiti cha mshikaki kwa urefu, upate ufito mwembamba, uupake gundi na kuulaza kwenye ukingo wa mbele wa panga. Panga la sentimita 13 kwa 4 la namna hiyo lina uzito mdogo sana, tena likigonga ukuta linakunjika na kurudi, halivunjiki. Katikati, mahali mapanga yanapokutana, tumia kipande cha kizibo cha koki au povu gumu la kufungashia vifaa. Waya unapenya, gundi inashika, na mtoto anaweza kuchomeka panga jipya bila kubomoa kitu. Gundi nayo ina uzito. Watoto hupenda kuimwaga. Wafundishe tone moja kwenye ncha ya kijiti cha meno.

Pembe ya panga. Karibu na kitovu liiname zaidi, nyuzi 25 hadi 30 kutoka usawa, na kwenye ncha nyuzi 10 hadi 12. Sababu ni kwamba ncha inakimbia kasi kuliko shina, hivyo ikiinama sana inazuia hewa badala ya kuisukuma. Mtoto hahitaji kipimapembe. Achomeke ufito kwenye kizibo kwa mwinamo wa shina, kisha ashike ncha ya karatasi na kuisokota kidogo irudi kuelekea usawa.

Kosa linaloua vifaa vingi vya namna hii ni mapangaboi mawili kuinama upande mmoja. Linasukuma moja juu, jingine chini, kifaa kinatetemeka mkononi na hakiendi. Mwoneshe mtoto kipimo hiki kabla ya kuweka mpira: ageuze pangaboi la juu kwa mkono kuelekea upande litakaozunguka, atazame ukingo unaotangulia uko juu kuliko unaofuata. Kisha afanye hivyo kwa la chini, kwa kulizungusha upande wa pili. Kote kuwili ukingo unaotangulia lazima uwe juu.

Chini ya pangaboi la juu, kati yake na mrija, tia shanga mbili za plastiki zenye tundu laini. Mpira unavuta pangaboi kuelekea chini kwa nguvu, na bila shanga linasugua mrija hadi nusu ya kazi inaishia hapo. Jina lako linanipa moyo kwamba shanga hazitakosekana.

Mpira sasa. Ukiongeza nyuzi za mpira mara mbili kwa urefu uleule, nguvu ya kuzungusha inakua karibu mara 2.8, lakini mizunguko unayoweza kusokota inashuka hadi kama asilimia 70. Mpira mnene kwa hiyo unamwaga nguvu zake zote kwa muda mfupi na kukipinda kijiti, ndicho ulichokiona. Mpira mwembamba na mrefu unatoa polepole. Anza na kitanzi kimoja chembamba chenye urefu unaolingana na nafasi kati ya ndoano, au kirefu kidogo kuliko hapo. Jumla ya gramu 2 za mpira ni nyingi tayari kwa kifaa cha gramu 10.

PepoYaJuu:

Kaka mkubwa ameeleza vema, ila mimi naona kwa miaka 8 kuna njia fupi. Kereng'ende wa mwanzi! Panga moja la mwanzi au mbao laini, kijiti kimoja katikati, mtoto anasugua kijiti kati ya viganja na kuachia. Wachina na Wajapani wamekuwa nacho kwa karne nyingi, na George Cayley, yule Mwingereza aliyeweka msingi wa sayansi ya ndege, alianza na jaribio la kichezeo cha jamii hiyo mwaka 1796. Hakuna mpira wa kukatika, hakuna ndoano, hakuna shanga. Ukitaka kasi zaidi, zungushia kijiti uzi, ukipitishe kwenye mrija mpana, uvute uzi.

Mimi nimetengeneza vingi kwa watoto wa ndugu zangu na kinachowavutia ni kwamba wanaona mara moja uhusiano wa mkono wao na urefu wa mruko. Aliyesugua vizuri, kinapanda. Aliyesugua ovyo, hakipandi. Kwa helikopta ya mpira, mtoto anasokota dakika nzima na hajui ni nini hasa alichofanya.

Naomba mwalimu uvifikirie vyote viwili.

Mkaguzi_wa_Vichezeo:

Naomba niingie hapa kwa upande wa usalama, maana mwalimu aliuliza na mjadala umeanza kwenda kwenye mapanga ya mbao.

Kazi yangu ni kukagua vichezeo kabla havijaenda kwa watoto. Kitu cha kwanza tunachotazama kwenye chochote kinachoruka kwa kuzunguka ni ncha za mapanga. Kwa mapangaboi yanayorushwa kwa springi au uzi wa kuvuta, kanuni ya usanifu ni kufunga ncha zote kwa duara, ili kinachomgusa mtoto usoni kiwe ukingo laini unaoteleza, si ncha inayochoma. Duara hilo lina faida nyingine ambayo watoto wataipenda: uzito mdogo uliowekwa mbali na kitovu unatunza mzunguko, kwa hiyo kifaa kinabaki wima na kinaendelea kuzunguka baada ya uzi kuachia.

Kwa hiyo, PepoYaJuu, kereng'ende ni kizuri, nakipenda pia, lakini panga lake likiwa la mwanzi mkavu wenye ukingo mwembamba, na mtoto anakiachia usawa wa kidevu, jicho liko karibu sana. Kama mwalimu atakitumia, mapanga yawe ya kadibodi au povu, yafungwe duara, na watoto wakiachie wakiwa wamenyoosha mikono mbele, si karibu na uso. Cha kuvuta kwa uzi nisingekipa kikundi cha watoto wengi ndani ya ukumbi mmoja. Kasi yake ni kubwa na uelekeo haujulikani mpaka kimeshaondoka.

Helikopta ya mpira ya karatasi ina hatari ndogo zaidi, kwa sababu mapanga ni mapana, mepesi na yanakwenda polepole. Duara hapo linaweza kuwa ukanda wa karatasi wa sentimita 1. Kwa pangaboi la sentimita 30 ukanda huo hauzidi gramu moja, nadhani MzeeUfito ataukubali. Hatari yake halisi iko kwenye mpira. Mpira uliosokotwa sana ukikatika unachapa vidole, na ukikatika wakati mtoto ameinama kuutazama, unachapa uso. Sheria iwe moja: anayesokota ananyoosha mikono, hainamishi kichwa. Ncha za waya zikunjwe ziwe vitanzi vilivyofungwa, zisibaki wazi. Kila kikao, kabla ya kusokota, mtoto apitishe mpira vidoleni na kutafuta nyufa.

Na kama kuna wadogo wa chini ya miaka 3 wanaokuja na kaka zao na dada zao, shanga na vizibo visikae mezani. Kipimo tunachotumia, kilichomo kwenye ISO 8124-1, kiwango cha kimataifa cha usalama wa vichezeo, ni kikombe chenye kipenyo cha milimita 31.7: kitu chochote kinachoingia humo chote, bila kukibana, kinahesabiwa kuwa kinaweza kumkaba mtoto wa umri huo. Shanga inaingia. Kipande cha kizibo kinaingia. Ulizia pia kama kuna mtoto ambaye ngozi yake haipatani na mpira asilia. Huyo mpe kazi ya mapanga na asokotewe na mwenzake.

MzeeUfito:

Ukanda wa karatasi naukubali kwa mikono miwili, hasa pangaboi la juu. Ubandikwe ukiwa umesimama wima, ukingo juu na ukingo chini, ili usizibe hewa.

PepoYaJuu, hoja yako kuhusu mkono na mruko ni ya kweli na imenifanya nifikiri. Lakini helikopta ya mpira inaweza kufundisha jambo hilohilo ukimpa mtoto namba. Asokote mizunguko 50, aachie, atazame imefika wapi ukutani. Kisha 70. Kisha 90. Hesabu anaifanya kwa kidole chake mwenyewe, na anagundua peke yake kwamba kuna mahali ambapo kuongeza mizunguko hakuongezi urefu kwa kadiri ileile, na mahali ambapo mpira unaanza kujifunga mafundo ya pili. Nimewaona watoto wakigombana kwa furaha juu ya namba hizo. Kereng'ende hana namba ya kugombania.

Mwl_Ushanga:

Shikamoo MzeeUfito, na asanteni sana nyote. Nimejenga upya kama mlivyoelekeza na nimewapa watoto nao wajenge.

Uzito sasa ni gramu 9 pamoja na mpira na ukanda wa karatasi kwenye pangaboi la juu. Duara la juu sentimita 30, la chini sentimita 32. Mapanga ya karatasi yenye ufito, vitovu vya kizibo, shanga mbili. Kitanzi kimoja chembamba cha mpira. Niliiachia mara ya kwanza kwa mizunguko 60 na ikaenda juu taratibu, kwa utulivu ambao sikuutegemea, karatasi zikitoa sauti ndogo ya kupepea. Kwa mizunguko 100 iligusa dari. Ukumbi mzima ulipiga kelele.

Kile kipimo cha ukingo unaotangulia kimetuokoa. Watoto watatu walikuwa wameinamisha mapangaboi yote upande mmoja, na waliligundua wenyewe kabla ya kuweka mpira. Mmoja alimfundisha jirani yake kwa maneno yale yale, "la mbele liwe juu."

Matatizo mawili yamebaki. La kwanza, baadhi zinapanda huku zinatikisika, halafu zinaelekea pembeni na kugonga ukuta. Zangu mbili zinafanya hivyo na za watoto kama nusu. La pili, watoto wameomba tena kubwa. Msichana mmoja amechora kabisa: mapanga ya sentimita 60, kila kitu mara mbili, mpira mara mbili, uti mara mbili. Ananiuliza kwa nini isiruke kama hii inaruka. Nimemwambia nitauliza kwa wanaojua.

MzeeUfito:

Marahaba mwalimu. Gramu 9! Umenifurahisha mno.

Kutikisika kuna chanzo kimoja kati ya vitatu, na ni rahisi kuvitofautisha. Kwanza uzito: panga moja ni zito kuliko mwenzake. Toa pangaboi, lichomeke pini kwenye kitovu likae kama gurudumu lililosimama, uliache. Panga linaloshuka chini kila mara ndilo zito. Bandika kipande kidogo cha utepe wa gundi kwenye ncha ya lile jepesi mpaka pangaboi likubali kusimama popote unapoliacha. Pili mwinamo: panga moja limeinama kuliko mwenzake, linainua zaidi, kwa hiyo kila mzunguko linasukuma kifaa upande mmoja. Weka rula imesimama mezani kando ya ncha, zungusha polepole kwa mkono, tazama kama ncha zote mbili zinapita usawa uleule wa rula na kwa mwinamo uleule. Karatasi inasokoteka, rekebisha kwa vidole. Tatu ndoano: waya ukiwa umepinda, au tumbo la ndoano likiwa halipo chini kabisa ya mhimili, mpira unavuta kwa pembeni na pangaboi zima linayumba. Shika kifaa, zungusha pangaboi bila mpira, tazama ndoano. Inatakiwa isionekane ikicheza huku na huku.

Kwa uzoefu wangu, kwenye vifaa vya watoto ndoano ndiyo inayoongoza. Na kwa kuwa waya ni kazi yako, kunja zote kwa koleo lenye mdomo wa duara juu ya mchoro mmoja uliouchora kwenye karatasi, zitoke sawa.

Kwenda pembeni, ikiwa haitikisiki, ni kawaida. Mtoto akiiachia imeinama, itakwenda inakoinama. Mkono mmoja ushike chini ya kijiti, mwingine pangaboi la juu, uti usimame wima, kisha aachie kote kwa pamoja bila kuisukuma. Watoto wanapenda kuisukuma. Wakizoea kutoisukuma, nusu ya kuta zenu zitapona.

Sasa huyo msichana. Mwambie swali lake lina watangulizi. Mwaka 1878 askofu mmoja wa Marekani, Milton Wright, aliwaletea wanawe wadogo helikopta ya kizibo, mwanzi na karatasi nyembamba iliyozungushwa na mpira, iliyofuata mfano wa Pénaud. Watoto hao, Wilbur aliyekuwa na miaka 11 na Orville miaka 7, walipoiharibu kwa kuichezea walijitengenezea nyingine, halafu wakataka kubwa. Zilivyozidi kuwa kubwa, ndivyo zilivyozidi kukataa kuruka. Mwaka 1908, walipokuwa tayari wamerusha ndege yenye injini, waliandika kwamba wakati ule hawakujua kwamba kifaa chenye vipimo mara mbili kingehitaji nguvu mara nane.

Mwoneshe kwa vitu, si kwa maneno. Chukua vipande vidogo vya mchemraba vilivyo sawa, kimoja kiwe kipimo, kisha ajenge mchemraba wenye upande wa vipande viwili. Atahesabu vinane ndani, lakini uso mmoja ni vinne tu. Helikopta yake ya mara mbili ina uzito mara nane na eneo la mapanga mara nne. Kila sentimita ya mraba ya panga inabeba mzigo mara mbili ya ule wa kwanza. Kwa kuruka wima hali ni ngumu hata kuliko walivyoandika akina Wright: kwa hesabu ile niliyokupa juu, uzito mara nane na duara mara mbili, nguvu inayotakiwa inafika kama mara 11. Mpira wake nao ni mara nane tu. Kwa hiyo hata ukiwa mpira uleule, bora uleule, hautamfikisha mbali.

Lakini usimzuie. Mpe sharti: mapanga yawe sentimita 60, ila kifaa chote kisizidi gramu 20. Atalazimika kuacha kuzidisha kila kitu kwa mbili. Uti hautakuwa mara mbili kwa unene, labda atumie mirija miwili iliyoungana. Karatasi itabidi iwe nyepesi kuliko ya kuandikia, ile ya kufungia zawadi. Ufito ataupasua tena. Akiweza gramu 20, hesabu inamruhusu: duara likiwa mara mbili ya lako na uzito kama mara mbili, nguvu inayotakiwa inazidi kidogo tu, kama mara 1.65, na gramu 3 au 4 za mpira zinaweza kuifanya. Itazunguka polepole sana, na michoro yake itaonekana vizuri ikiwa angani.

Mwl_Ushanga:

Nimemsomea. Ameuliza swali moja tu: kama anaruhusiwa kupima kila kipande kabla ya kukibandika. Nimemwachia mizani.

MzeeUfito, la mwisho kwa leo. Mpira wetu baada ya wiki unakuwa mkavu na unakatika mapema. Nipake nini?

MzeeUfito:

Paka glisirini kidogo, tone moja likisuguliwa vidoleni kwenye kitanzi chote, kisha futa inayobaki. Mafuta ya nyonyo yanafaa pia. Yanapunguza nyuzi za mpira kukwaruzana zinaposokotana, kwa hiyo unapata mizunguko zaidi na haukatiki kwenye mkunjo. Usipake vaselini, mafuta ya taa wala oili ya mashine. Yote hayo yanaozesha mpira asilia.

Ukimaliza kikao, fungua mizunguko yote, toa mpira kwenye ndoano, uweke kwenye chombo chenye kifuniko mahali penye giza. Jua ndilo linaloukausha. Na mpira mpya usiusokote hadi mwisho siku ya kwanza: uvute taratibu mpaka mara tatu ya urefu wake, uachie, rudia, kisha upumzike hadi kesho yake. Anayesokota kwa msaada wa mwenzake auvute hivyohivyo hadi mara tatu ya urefu wake, atie nusu ya mizunguko ukiwa umevutwa, kisha amrudie mwenzake hatua kwa hatua huku akimalizia nusu ya pili. Utaona mizunguko inayoingia ni mingi kuliko mliyokuwa mkipata, basi anzeni tena kuhesabu kutoka 50.

Na huyo msichana akishapima, niletee jedwali lake la gramu hapa hapa. Nataka kuona alipopunguza.